Siku Meza Iliponyamaza

Hapa kiwandani wananiita Redio, na sikatai. Mimi asubuhi mdomo unaamka kabla ya macho. Kwa hiyo mtu akija kuwaambia kwamba ilikuwepo siku niliyofunga mdomo kwa makusudi, nikakaa kimya huku mikate ikiungua mbele ya pua yangu, mtaona ametia chumvi. Hakutia hata chembe. Nilikuwa pale, na koo liliniwasha mpaka machozi yakanitoka.

Kiwanda chetu ni cha mikate, na si kikubwa. Ukiingia unakutana na mashine ya kukandia unga, halafu meza za kukatia donge, halafu tanuri, na mwisho kabisa, chini ya dirisha, ndiyo meza yetu sisi wapakiaji. Mezani ni wanawake watupu. Kwenye tanuri ni wanaume watupu. Hakuna aliyeitunga sheria hiyo wala kuibandika ukutani. Tuliikuta, na kila mgeni anayekuja anaikuta.

Fundi tanuri ni kaka yangu, wa tumbo moja. Wanamwita Jemadari, kwa sababu akisimama mbele ya moto na zile glavu zake ndefu utadhani anakagua gwaride. Mkewe, wifi yangu, yuko nasi mezani. Wifi ni mtu wa maneno machache. Nadhani siku ya kugawiwa maneno alichelewa foleni, fungu lake nikapewa mimi. Tunaishi nyumba moja, wao vyumba vya mbele, mimi chumba cha nyuma tangu ndoa yangu ilipovunjika. Tunagombana kwa ajili ya ufagio na kamba ya nguo, na hakuna mtu ninayemwamini kama yeye.

Sasa sikilizeni kazi ilivyokuwa ikienda. Tanuri letu ni la zamani, na upande wake wa kushoto una moto mkali kuliko wa kulia. Trei ikiachwa ilivyo, mikate ya kushoto inaungua wakati ya kulia bado mibichi. Lazima ifike wakati trei igeuzwe, ya kushoto iende kulia. Ukiwahi, mkate unabonyea katikati. Ukichelewa, unatoa mkaa. Na aliyesimama mbele ya tanuri hawezi kuujua wakati huo kwa pua, maana pale anachosikia ni joto na dizeli basi. Feni ya juu inavuta hewa yote ya tanuri na kuileta dirishani, yaani kwetu. Harufu inafika mezani kwanza.

Basi tangu enzi za ujana wa mwenzetu wa mezani tunayemwita Shangazi, ambaye alikuwepo kiwandani kabla yetu sote, desturi ilikuwa moja. Harufu ikifika, yeyote wa mezani anapaza sauti: "Geuza!" Kaka yangu anageuza. Mikate ikiiva, yeye naye anaita: "Pakieni!" Sisi tunakwenda na vitambaa vyetu kuitoa kwenye makopo, tunaiacha ipoe, tunaitia mifukoni. Geuza, pakieni, geuza, pakieni, siku nzima. Wageni hudhani tunaimba.

Hakuna aliyewahi kujiuliza nani hasa anaoka. Kaka yangu alijua ni yeye. Nyumbani akiumega mkate wake alikuwa anautazama kwa mahaba ambayo sijamwona akimtazama nayo mkewe. "Mkono huu," anasema, anaunyanyua ule mkono tuuone. Sisi tunakula zetu.

Kisha likaletwa tanuri la pili, nalo si jipya, pacha kabisa wa lile la kwanza, pamoja na ugonjwa wake wa kushoto. Nafasi ya fundi wa pili ikawa wazi. Fundi tanuri ameajiriwa kabisa. Ana likizo, ana matibabu, akiugua anangojwa. Sisi wa mezani ni vibarua; leo upo, kesho Meneja akiamka vibaya haupo. Mama Pacha, mdogo kuliko sote, alijifungua mapacha wake kwa upasuaji akarudi kazini kovu bado bichi, kwa hofu ya kukuta mtu mwingine amesimama mahali pake. Wifi ndiye aliyekuwa akimbebea makreti siku zile, haongei, anabeba tu.

Siku moja tukianua nguo nyumbani akaniambia, "Wifi, naitaka ile kazi."

"Kazi ipi?"

"Ya tanuri."

Shuka likaniponyoka. "Wee! Umemwambia mumeo?"

"Nitamwambia Meneja. Mume atasikia."

"Na pua? Pale mbele hakuna harufu, wifi. Utajua kwa kitu gani wakati wa kugeuza?"

"Kwa macho. Nyie mkiita geuza, mnaendelea na mifuko yenu. Mimi nageuka natazama mkate. Siku zote. Ninajua unavyokuwa." Akaliokota lile shuka, akalikung'uta, akanirudishia. "Nimechoka kuwa kibarua, wifi. Na ile kazi naipenda."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Sikuwahi kumsikia akisema anapenda kitu.

Meneja wetu si mtu wa kufoka. Ni mtu wa kucheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu mtu anayefoka unaweza kumjibu. Sote mezani anatuita "warembo wangu," hata Shangazi mwenye wajukuu. Akipita nyuma yetu lazima aseme kitu, leo mwendo wa fulani, kesho unene wa fulani, na lazima ucheke, usipocheka una kiburi. Asubuhi iliyofuata alikuja kukagua tanuri la pili, na wifi akafuta mikono kwenye aproni, akamfuata mbele ya watu wote.

"Meneja, naomba nafasi ya fundi wa pili."

Meneja akamtazama toka juu mpaka chini, akacheka. "Tanuri? Mrembo wangu, hili si jiko la nyumbani. Ukiuunguza uso huo, mumeo atanidai mimi." Watu wakacheka. Akaona wamecheka, akaongeza. "Jemadari! Umesikia? Mkeo anataka kukuvua suruali! Unampa ruhusa?"

Nikamtazama kaka yangu. Ilikuwa rahisi tu. Angeweza kusema "mjaribu." Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa na glavu zake na wanaume wenzake walikuwa wanamwangalia, naye akacheka. "Mwache ajifurahishe, bosi. Huyu juzi tu ameunguza wali."

Kiwanda kizima kikaangua kicheko. Wifi akarudi mezani, akachukua mfuko, akatia mkate, akafunga. Fundo lilimshinda, akalifungua, akafunga tena. Mimi hasira zilinipanda mpaka masikio yakawa yanapiga kelele.

Nafasi ile akapewa bwana mmoja aliyetoka kiwanda cha sabuni. Sikumbuki kama tulilisikia jina lake. Kufikia saa ya chai alikuwa ameshakuwa Sabuni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu asiyejua mkate unaingilia wapi na kutokea wapi. Meneja akamleta mpaka mezani, mkono begani, kama bwana harusi.

"Warembo wangu, huyu hajawahi kuoka, lakini nyinyi si mpo? Mtamwitia geuza mpaka azoee. Pua zenu ndizo zitakazomfundisha."

Akaenda zake anapiga mluzi. Kwa muda hakuna aliyefunga mfuko.

"Eti pua zetu," Shangazi akasema.

"Kwa hiyo anajua," nikasema. "Siku zote anajua!"

Wifi hakuinua macho. "Pua anaitaka. Mwenye pua hamtaki."

Saa ya chakula tulikaa nje, kwenye makreti matupu nyuma ya ghala, na mambo yakapangwa pale pale. Kusema kweli, hayakuchukua muda, maana yalikuwa mepesi. Shangazi alimgeukia Mama Pacha. "Mwanangu, wewe hapa umeajiriwa kufanya nini?"

"Kupakia, Shangazi."

"Kupiga kelele je?"

"Hapana."

"Basi pakia."

Mama Pacha akaelewa, na uso ukamshuka. "Na akitufukuza? Mimi nina watoto wawili wananisubiri mdomo wazi. Nyie mna waume, wengine mna watoto wakubwa. Mimi nina nani?"

Alikuwa anasema kweli. Wifi akasogea akakaa karibu yake. "Ukisema hapana, tunaacha. Sote. Sitakulaumu, na atakayekulaumu atanikuta mimi."

Mama Pacha alikaa anachezea kifuniko cha bakuli lake. Halafu akasema, "Siku zile ulinibebea makreti. Sijasahau. Haya, tunyamaze." Akanitazama. "Lakini huyu Redio ataweza?"

Wakacheka, na mimi nikacheka, lakini moyoni sikuwa na raha. Yule wa tanuri la kwanza ni kaka yangu. Tumelala mkeka mmoja, tumeogeshwa beseni moja. Kumwaibisha mbele ya kiwanda kizima si mzaha. Kisha nikakikumbuka kicheko chake, na ule wali. Wali wenyewe aliuunguza yeye, aliachiwa autazame akasinzia. Nikaapa kwamba nitanyamaza.

Kesho yake trei za kwanza ziliingia matanuri yote mawili. Tukafunga mifuko ya mikate iliyobaki jana, macho chini. Ikaja harufu ya kwanza, ile nyepesi ya mafuta yanayopakwa kwenye makopo. Hiyo tunaijua, hiyo haina neno. Baada yake, polepole, ikaja ya pili, ya mkate wenyewe, tamu, yenye ukali kidogo mwishoni. Hapo ndipo pa kuita. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Mama Pacha akanishika mkono chini ya meza, akanibana kweli kweli, nikaung'ata ulimi.

Kaka yangu alikuwa amesimama kama kawaida yake, anangoja. Akatutazama mara moja. Akatazama tanuri. Akatutazama tena. "Vipi huko?" akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Shangazi alikohoa, basi.

Utamu ukaondoka kwenye hewa, ukabaki ukali mtupu, na moshi ukaanza kutoka kwenye mlango wa tanuri la Sabuni, kisha la kaka. Walipozivuta zile trei, kushoto kulikuwa na makaa na kulia kulikuwa na donge jeupe linalonata. Kaka yangu alisimama anaitazama mikate yake, na mabega, yale mabega ya jemadari, yakamshuka. Niliona aibu inamwingia. Iliniuma, sitawadanganya.

Kwa mazoea tu, akasema kwa sauti ndogo, "Pakieni."

Tukaenda tukapakia. Mkaa ukatiwa mifukoni kwa adabu zote, mfuko ukanyooshwa, ukafungwa vizuri. Wifi aliupangusa majivu mkate mmoja kabla ya kuutia, kama vile unakwenda sherehe. Tulikuwa kwenye kazi hiyo Meneja alipoingia anakohoa moshi.

"Mnafanya nini?"

"Tunapakia, Meneja," Shangazi akasema.

"Mnapakia nini? Hamkusikia harufu?"

"Tulisikia."

"Mbona hamkusema?"

Wifi akauweka mfuko wake chini. "Kugeuza ni kazi ya fundi, Meneja. Sisi si mafundi. Ulisema mwenyewe hili si jiko la nyumbani."

"Mrembo wangu, usinichezee—"

"Na mimi si mrembo wako. Ni mfanyakazi wako."

Nimefanya kazi na wifi yangu muda mrefu, sijapata kumsikia akimkata mtu kauli. Hakupandisha sauti. Aliisema kama mtu anayekutajia saa. Na Meneja, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakucheka. Alitafuta mtu wa kumchekea na kila aliyemtazama alikuwa anatazama sakafu.

"Nje ya geti wako wanawake chungu nzima wanaitaka kazi hii," akasema.

"Waite," Shangazi akasema. "Ila uwafundishe kunusa."

"Kesho," akasema Meneja, kidole juu. "Kesho ama mnaita kama kawaida, ama meza nzima mnabaki makwenu. Nimemaliza." Akaondoka, hapigi mluzi.

Mama Pacha alikuwa analia. Nikamshika bega. "Nalia tu," akasema, anajifuta na mkono wenye majivu, "lakini sirudi nyuma."

Jioni nyumbani kaka yangu hakugusa chakula. Aliweka mkate mmoja ulioungua katikati ya meza, akakaa mbele yetu, mimi na mkewe, kama hakimu.

"Mmenidhalilisha," akasema. "Mke wangu na dada yangu. Watu baki ningeelewa."

Nikafungua mdomo. Wifi akaniwekea mkono gotini, nikaufunga.

"Huu uliungua kwa sababu gani?" akamuuliza, anauonyesha ule mkate.

"Kwa sababu hamkuita!"

"Kwa hiyo anayeoka ni nani?"

Kaka yangu akautazama ule mkate. Nadhani swali hilo alikuwa amelikwepa siku nyingi, na sasa lilikuwa limekaa mezani pamoja naye.

"Mimi sikukasirika kunyimwa tanuri," wifi akaendelea. "Meneja ni Meneja, sikutegemea kitu kwake. Kilichoniuma ni kicheko chako. Nilikuwa nimesimama pale peke yangu, nikageuka nikutafute, nikakukuta upo na wao." Akayapangusa majivu yaliyodondoka mezani. "Na wali haukuunguzwa na mimi."

Kaka yangu aliuchukua ule mkate, akaugeuza huku na huku, akabandua kipande cheusi, akakiweka mdomoni akakitafuna. Alikunja uso lakini alikimeza.

"Mchungu," akasema.

"Ni wako huo," nikasema mimi, maana mtu ana kikomo. Akanitupia jicho, nikaona karibu acheke, kisha hakucheka. Akainuka akatoka nje, na tukamsikia akizunguka uani.

Asubuhi tulifika Meneja ametangulia, amesimama katikati ya kiwanda, saa mkononi. "Haya, warem..." Akajirudi. "Haya. Mnaita au mnaondoka?"

Kabla hatujajibu, kaka yangu akatoka kwenye tanuri lake. Akavua glavu, moja, halafu ya pili. Alikuwa amekauka midomo. Wanaume wote wa kwenye donge walikuwa wanamwangalia, walewale wa siku ile.

"Bosi," akasema, "mimi mikate hii nilikuwa naigeuza. Kuoka kulikuwa kunafanyika kule mezani. Mkupuo wa kwanza wa trei leo mpe mke wangu." Akamgeukia wifi. Maneno yaliyofuata aliyasema kwa shida, lakini aliyasema kwa sauti ya kusikika hadi ghalani. "Juzi nilicheka. Nilikosea."

Akamnyooshea glavu.

Meneja akatutazama sisi, akamtazama yeye, akaona hana pa kuutupa mpira. Pia gari la kubeba mikate lilikuwa limeshafika getini na dereva anapiga honi. "Sawa," akasema. "Mkupuo mmoja. Lakini mezani sitaki kusikia sauti. Anataka ufundi, aoke mwenyewe. Mkate ukiungua, meza nzima mnaondoka. Wote."

Wifi hakuzipokea glavu. Alitutazama kwanza sisi, mmoja mmoja, kwa sababu mkate ulikuwa wa kwake lakini kazi zilikuwa zetu sote. Mama Pacha ndiye aliyetangulia kuitikia kwa kichwa. Nenda. Shangazi akaitikia. Mimi niliitikia mpaka kitambaa kikanivuka kichwani.

Akavaa glavu. Zilikuwa kubwa kwake, zilimfika kwenye viwiko. Akazisukuma trei ndani, akafunga mlango, akasogea kando, si pale katikati anaposimama kaka, bali pembeni, kwenye kioo kidogo kilichopo mlangoni, akainama, akatulia.

Kaka yangu alikuja kusimama mezani kwetu, hajui mikono aiweke wapi. Meneja akasimama upande wa pili na saa yake. Sabuni alikaa kwenye ngazi ya ghala, anaonekana ana raha kuliko sote. Tukangoja.

Harufu ya mafuta ikaja. Nikaisikia, nikaiacha ipite. Lakini kaka yangu hakuwahi kusimama dirishani maishani mwake. Kwake hiyo ilikuwa ndiyo harufu yenyewe. Nilimwona akikodoa macho, akimtazama mkewe hajasogea, jasho linamtoka, na kabla sijamziba mdomo akapiga ukelele uliojaa mapenzi na ujinga mtupu:

"Geuza!"

Ilikuwa mapema, mapema mno. Akigeuza sasa mkate utabonyea na sisi tumekwisha. Na wifi yangu ni mke wa mtu. Amezoea kuisikia sauti hiyo nyumbani na kuinuka.

Hakugeuka. Hata kichwa hakuinua kwenye kioo.

"Bado!" akasema.

Hata mashine ya unga nadhani mtu aliizima. Kaka yangu akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Meneja akafungua mdomo kulalamika kwamba mezani kumetoka sauti, Shangazi akamwinulia kiganja, naye, ajabu, akaufunga.

Kisha ikaja ya pili. Tamu, ule ukali kwa mbali. Koo likaanza kuniwasha. Nikamtazama wifi: ameinama, hasogei. Sasa, wifi. Mama Pacha alikuwa amefumba macho. Sasa jamani, sasa! Nilikuwa nimeshavuta pumzi, naapa nilikuwa nimeshaivuta, nilipoona mkono wenye glavu kubwa unashika mlango.

Akafungua. Akavuta trei, akaizungusha, akaisukuma. Ya pili. Ya tatu. Hakuharakisha. Akafunga, akarudi kwenye kioo chake, akainama tena. Nikaitoa ile pumzi, na machozi yakatoka pamoja nayo.

Mikate ilipotoka ilikuwa rangi moja, kushoto na kulia, ya hudhurungi iliyoiva, migongo imesimama. Meneja akachukua mmoja kwa leso, akaugeuza, akaugonga upande wa chini kwa kidole. Mkate mbichi hausemi kitu. Huu ulitoa mlio mkavu, safi, uliosikika mpaka tulipo sisi. Akagonga mwingine, wa upande ule mwingine. Mlio uleule.

Nadhani alikuwa anatafuta mzaha na hakuupata.

"Kesho upite ofisini tuandikishane mkataba," akasema. Halafu, akiwa ameshageuka kuondoka, akasema neno ambalo sote tulilingoja na hatukulitegemea. "Fundi."

Sabuni akasema, kwa unyofu ambao sikuutegemea, kwamba yeye moto haujawahi kumpenda, na kama mezani kuna nafasi atashukuru. Tukacheka sote, na yeye akacheka. Shangazi akamwambia atamjaribu, ila asimwite mtu yeyote mrembo.

Wifi alikuwa amebaki pale mbele ya tanuri, jasho linamtiririka, kitambaa kimemrudi nyuma ya kichwa. Nilitaka kukimbia nikamkumbatie. Lakini yeye kazi yake ilikuwa haijaisha. Aliikusanya ile pumzi yake ya maneno machache, akageukia meza, akaita kwa sauti ambayo sijui miaka yote hii alikuwa ameificha wapi:

"Pakieni!"

Sisi tulichelewa kuinuka. Tulikuwa tumezoea sauti nyingine, na wengine tulikuwa bado tunafuta machozi. Aliyefika wa kwanza kwenye trei alikuwa kaka yangu, mbio, kama kibarua wa siku ya kwanza, na kwa haraka yake akasahau kitambaa. Akashika kopo kwa mkono mtupu, ule mkono wake maarufu, akaruka nyuma anapuliza vidole.

"Polepole," mkewe akamwambia. "Ni wa moto."

"Ndiyo, fundi," akasema kaka yangu, akarudi mezani kuchukua kitambaa.